Raha ya kifaa iko mwanzo na mwisho, katikati ni karaha

Wiki iliyopita nimekesha natazama uzinduzi wa simu ambayo nilikuwa naijua yote kabla haijapandishwa jukwaani. Rangi zake nilishaziona, ukubwa wa sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, nilishausoma, uzito naujua kwa gramu, hata makava yake yalishavuja mwezi mzima kabla. Na bado nikakaa pale macho makavu kama mlinzi wa zamu ya usiku, nasubiri yule bosi aseme neno ambalo nalijua, akalisema, nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Simu yenyewe sinunui. Yangu ina mwaka mmoja na nusu na haina shida yoyote.

Ukimsimulia mtu wa kawaida habari hii anakuangalia kama una homa. Kwenye mpira watu wanaelewa, mtu akiitwa mnazi wa timu fulani basi yameisha, hamna anayemuuliza kwa nini kanuna Jumatatu nzima. Sisi wanazi wa vifaa tunaonekana wapenda sifa tu, watu wa kushika simu nembo ionekane, wakati wale wa nembo ni kundi lingine kabisa na hata hatuivi nao chungu kimoja. Mtu wa nembo hajui simu yake ina prosesa gani, yani ule ubongo wake. Mnazi anajua, na anajua pia ile ya mwaka juzi ilikuwa inachemka na sababu yake, na hata kama hana hela ya kununua hata moja kati ya hizo mbili atakubishia mpaka chaji iishe.

Sasa nimekaa nimejiuliza, hivi raha yenyewe iko wapi, maana hela inatoka, usingizi unatoka, na hasira hazikosekani. Nilipofika ni hapa: raha ya huu unazi iko kwenye ncha mbili, kabla hujanunua, pale unaposubiri na kulinganisha na kubishana, na kule mwisho kabisa ambapo kifaa kimeshatupwa na kila mtu na wewe ndo unakipa pumzi. Katikati, ile miaka miwili mitatu ambayo kifaa ni chako na bado kinang'aa, ndo karaha zote zilikohamia. Zamani katikati palikuwa patamu, ulinunua redio ikawa redio yako mpaka ife. Siku hizi unanunua na aliyekitengeneza anabaki na funguo.

Ila nianze na utamu maana nao upo. Kusubiri kuna shule ndani yake ambayo watu hawaioni. Mimi fizikia ya darasani ilinipita kushoto, lakini leo naweza kukueleza kwa nini kamera ya megapikseli 12 inaweza kuipiga bao ya megapikseli 48, kwamba kinachookota mwanga ni ukubwa wa sensa na lenzi iliyo mbele yake, sasa pikseli nyingi, vile vidoa vinavyounda picha, kwenye sensa ndogo ni kama chumba kimoja kulaza wapangaji 48, kila mtu anasimama na mguu mmoja. Hamna mwalimu aliyenifundisha hiyo. Nimeijua kwa kubishana na mtu ambaye mpaka leo simjui sura, alinidhalilisha mbele za watu kwa kuwa sijui ninachoongea, nikaenda kusoma usiku kucha ili kesho yake nirudi nimdhalilishe, nikakuta alikuwa sahihi.

Hata uvujaji wa taarifa una historia yake. Mwaka 2010 injinia mmoja wa Apple alisahau simu ya majaribio baa, kumbe ndo iPhone 4 ambayo dunia ilikuwa haijaiona, ikawaangukia Gizmodo, tovuti ya habari za vifaa, wakaifungua na kupiga picha utumbo wake wote wiki kadhaa kabla Apple wenyewe hawajaitangaza. Ile ilikuwa ajali. Siku hizi uvujaji una ratiba kama ligi, picha za kava zinatangulia, alafu vipimo, alafu video ya mtu kashika boksi, kiasi kwamba uzinduzi wenyewe umebaki kama harusi ya watu ambao walishazaa watoto watatu. Unaenda tu kwa heshima.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na waliowahi kuumwa na kidonda hiki hadharani kuliko wote nadhani ni wale wa 2007. Tarehe 29 Juni mwaka ule iPhone ya kwanza iliingia sokoni, watu wakapanga foleni nje ya maduka, toleo la GB 8 dola 599. Septemba hiyohiyo, hata siku 70 hazijafika, Steve Jobs, bosi wa Apple, akapanda jukwaani akaishusha mpaka dola 399. Wa foleni wakawaka. Kesho yake Jobs ikabidi aandike barua ya wazi, akawapa dola 100 za kununulia vitu dukani kwake hukohuko. Mi niseme ukweli, hawa sijawahi kuwaonea huruma sana, walichonunua ilikuwa ule usiku wa foleni na zile wiki kumi za kuwa na kitu ambacho dunia nzima inakutolea macho, na hizo walizipata, bei ikishuka haiji kukunyang'anya ulichokwishakula. Ila ile dola 100 inanifurahisha kwa sababu ni Apple wenyewe wanakiri kwamba mnazi ana hesabu tofauti na mteja. Mteja akikasirika anahama. Mnazi akikasirika anakuandikia barua, na hapohapo anauliza toleo lijalo linatoka lini.

Kilio cha haki ni cha watu wa Windows Phone, simu zenye programu ya Microsoft. Hii simu ilitoka 2010, ina vigae vinavyocheza kwenye kioo, nyepesi, haifanani na ya mtu yeyote, na waliokuwa wanaipenda walikuwa wanaipenda kwa uchungu, unajua ule upendo wa timu ndogo. Aprili 2012 Lumia 900 ya Nokia ikaingia Marekani kwa mbwembwe. Juni 2012, miezi miwili tu, Microsoft wakatangaza Windows Phone 8 na kwamba simu zilizopo hazitaipata, kwa sababu wamebadilisha msingi wa ndani wa programu kutoka Windows CE kwenda Windows NT, ule wa kompyuta. Kiufundi sababu ina mashiko kabisa, huwezi kuhamisha nyumba ukaacha msingi ulivyo. Lakini wewe umenunua Aprili. Wakapewa toleo la 7.8 la kufuta machozi, vigae vinabadilika ukubwa, basi. Baadaye Microsoft wakainunua kabisa biashara ya simu ya Nokia mwaka 2014, na 2015 wakafuta kwenye vitabu vyao dola bilioni 7.6 zilizotokana na ununuzi huohuo. Sasa kampuni inafuta hasara kwa kalamu, miaka mitano ya mnazi kutetea vigae kwenye kila mabishano inafutwa na nini?

Hapo ndo tunaingia katikati penyewe.

Nina taa chumbani. Jina la kampuni naliacha. Ni taa ya kubadilisha rangi kwa simu, unaiambia iwe ya chungwa inakuwa ya chungwa, siku ya kwanza niliwaita watu waje waone. Taa hii inataka apu, apu inataka akaunti, akaunti inataka serva, yani kompyuta ya kampuni iliyoko mbali huko, yani mimi nikiwa kitandani nikitaka giza, ombi langu linavuka bahari alafu linarudi kuzima taa iliyoko mita mbili kutoka kichwani kwangu. Kuna usiku nimekaa nasubiri taa imalize kuapdeti. Taa. Inaapdeti. Nikajiuliza hivi Edison angeona hii angesema nini. Mwisho wa siku kampuni ikabadilisha apu, ile ya zamani ikaacha kufanya kazi, mpya haiitambui taa yangu kwa kuwa ni ya kizazi cha nyuma, na sasa inawaka nyeupe tu kwa swichi ya ukutani kama taa nyingine yoyote, isipokuwa niliilipia bei mara nne.

Mtumai cha nduguye hufa maskini, na kwenye nyumba janja hii methali iandikwe juu ya boksi. Mimi nimepoteza rangi ya chungwa tu. Kuna wenzetu walikuwa na Revolv, kiboksi cha kuunganisha taa na vitasa na vitu vya nyumbani, kama dola 300 hivi. Kampuni ya Nest iliyokuwa chini ya Google ikainunua Revolv mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 serva ikazimwa. Kiboksi hakikuharibika, hakikudondoka, hakikuingia maji, kililala kizima kikaamka jiwe. Kesi za namna hii zimekuwa nyingi, ila hii ya Revolv ndo ilinifanya nianze kuuliza swali moja kabla ya kununua chochote: siku kampuni ikifunga biashara, hiki kitu kitajua kufanya nini peke yake? Ukiuliza hivyo nusu ya rafu inajifuta yenyewe. Muziki wangu siku hizi naununua naushusha nauweka kwenye diski, hamadi kibindoni, wanaonicheka wanicheke.

Alafu kuna betri, na hapa nitakaa kidogo maana huu mkasa naupenda. Kwa miaka watu walikuwa wanasema simu inafanywa ipunguze kasi makusudi ili ununue mpya, na wajuaji tulikuwa tunawacheka, tunawaambia hizo ni nadharia za vijiweni. Sasa Desemba 2017 mtu mmoja akabadilisha betri ya iPhone yake iliyochoka, akapima, kasi imerudi. Waliotengeneza Geekbench, programu ya kupimia kasi, wakachora grafu kutoka kwenye vipimo vya simu nyingi, mabonde na vilima yanaonekana kabisa, simu zilezile zimejipanga kwenye ngazi za kasi kama zimepangwa na mtu. Na kweli zilikuwa zimepangwa. Apple wakakiri.

Maelezo yao sasa ndo matamu. Betri ya lithiamu ikizeeka shida sio tu kwamba inabeba chaji kidogo, ukinzani wa ndani, yani kile kinachozuia umeme kupita, nao unapanda, kwaio prosesa ikiomba umeme mwingi ghafla, volti inaporomoka na simu inazima ghafla wakati kioo kinakuambia bado una asilimia 30. Kila mtu ameshaliona hilo. Dawa yao, waliyoiingiza na apdeti ya iOS 10.2.1 mwanzoni mwa 2017, ilikuwa kuibana prosesa isiombe umeme mwingi kwa mkupuo. Ni dawa nzuri! Mi ningekuwa injinia ningefanya hivyohivyo. Kosa ni kwamba mwenye simu hakuelezwa wazi, akaona simu inakokota miguu akadhani imezeeka yote, akaenda kununua simu nzima wakati alichohitaji ni betri. Wakaomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka 29 kwa mwaka 2018, na simu nyingi zikapata maisha ya pili. Yani wale wa vijiweni walikosea sababu ila dalili waliiona sawasawa, na sisi wajuaji tuliokuwa na sababu zote kichwani dalili hatukuiona. Toka siku hiyo mtu akiniambia simu yake "imechoka tu" sicheki tena.

Kwenye waya sitakaa. Umoja wa Ulaya ulilazimisha tundu moja la USB-C kwa simu zote mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, Apple walikuwa wameshasalimu amri na iPhone 15 mwaka 2023, tukashangilia kwamba sasa waya mmoja nyumba nzima. Kumbe tumepewa tundu moja lenye tabia kumi. Waya mbili pacha ukizishika, moja inapitisha gigabiti 40 kwa sekunde na nyingine megabiti 480, ambayo ni kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na huu wa pili ndo uliomo kwenye boksi la iPhone 15 hiyohiyo. Droo yangu ina waya kumi na moja zote nyeusi. Nimezifunga vikaratasi kama mizigo ya basi.

Na kuna kodi nyingine ya unazi ambayo haipo kwenye risiti yoyote, nayo ni kuwa fundi wa ukoo. Mjomba kanipigia: "Mwanangu, wewe ndo mtaalamu wetu, nataka simu, nichukue ipi?" Kosa langu ni kuamini kwamba swali ni swali. Nikamuuliza mjomba unaitumia kwa nini hasa, akasema kupiga na kupokea na picha za wajukuu, nikakaa jioni nzima nikamlinganishia simu nne, miaka ya apdeti, betri, ubora wa kioo juani, nikamrekodia sauti ya dakika tisa. Akanijibu "Mungu akubariki mwanangu." Wiki ya pili kanunua ya tano, ambayo haikuwepo kwenye orodha, kwa sababu ina rangi ya zambarau. Tena anaipenda kweli! Na nikiwa mkweli na nafsi yangu, mjomba ana raha na simu yake pale katikati kuliko mimi na yangu, maana hajui inakosa nini. Mimi siku ya tatu tu nishaona kona ya kioo ina mwanga tofauti, na nikishaona siwezi kuacha kuona.

Basi kwa nini sijaacha? Kwa sababu ya ile ncha ya pili.

HP waliwahi kutoa tableti inaitwa TouchPad, tarehe 1 Julai 2011, ikitumia programu ya webOS waliyoipata walipoinunua kampuni ya Palm. Tarehe 18 Agosti wakaiua. Siku 49. Wakamwaga zilizobaki kwa dola 99 na watu wakazigombania, na kabla mwaka haujaisha vijana wa CyanogenMod, kundi lililokuwa linatengeneza toleo lake la Android, walikuwa wameshaiingiza ndani yake, bila kulipwa, bila kuombwa, kifaa ambacho mama yake alikikana siku ya 49 kikaendelea kuishi miaka kwenye mikono ya watu. Mi hapo ndo naona unazi ulivyo. Sio ile foleni.

Saa janja za Pebble ndo kabisa. Eric Migicovsky aliyezianzisha aliziweka Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, Aprili 2012 akiomba dola laki moja, akapata zaidi ya milioni 10. Kioo chake hakikuwa na mbwembwe, kinasomeka juani, betri inakaa karibu wiki. Desemba 2016 kampuni ikafa, mali yake ya programu ikaenda kwa kampuni ya Fitbit, serva zikazimwa katikati ya 2018. Kwa hesabu za Revolv hapo ni jeneza. Lakini mashabiki walikuwa wameshajipanga, wakaunda kundi la Rebble, wakajenga serva zao wenyewe na saa zikaendelea kupokea hali ya hewa kana kwamba hakuna msiba uliotokea. Fitbit ikanunuliwa na Google, na Januari 2025 Google wakauachia wazi msimbo wa PebbleOS, programu inayoendesha saa hizo, kila mtu autumie, mwaka huohuo Migicovsky akaanza kupokea oda za saa mpya zinazotumia programu ileile. Miaka nane! Ni watu waliokataa kuvua saa. Nikisoma habari kama hizi ule usiku wa kusubiri taa iapdeti nausamehe.

Mimi mwenyewe nina simu ya mwaka 2016 kwenye droo, pembeni ya zile waya. Aliyeitengeneza alishaisahau, apdeti ya mwisho ya kwake sikumbuki ilikuwa lini. Mwezi uliopita nikaitoa, nikaiwekea LineageOS, ambao ndo mwendelezo wa CyanogenMod baada ya hiyo nayo kufungwa mwisho wa 2016, kila kitu kwenye ulimwengu huu kinakufa na kuzaliwa upya na jina lingine. Jaribio la kwanza ikaganda kwenye nembo. La pili ikazunguka inajiwasha inajizima kama inanitania. La tatu nikagundua nimechukua faili la modeli nyingine inayotofautiana herufi moja, saa nane usiku, nikacheka kwa sauti. La nne ikawaka.

Sasa ndo inapiga muziki wangu mezani, betri nimeibadilisha mwenyewe kwa kikaushia nywele na kadi ya zamani ya benki, na ina kasi ambayo haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya. Bluetooth inakatika kila baada ya dakika kumi na mbili. Sababu naijua, au nadhani naijua, kuna kijana kaandika kuhusu draiva yake, yani programu inayoiendesha, mwaka jana na maelezo yake yanakaribia dalili zangu. Nimeitenga Jumamosi yote kwa ajili hiyo.